Namba Saba Umeiruka

3 Februari

Nukta, mdogo wangu,

Usishtuke kuona bahasha. Hakuna aliyekufa. Ni mimi tu kaka yako, na safari hii nina shida inayokuhusu kikazi.

Ule mtihani wa ufundi ambao wifi yako alinisumbua nusu mwaka niufanye, nimeufanya. Manispaa sasa inataka kila mchoraji wa mabango awe na cheti, la sivyo haruhusiwi kuchora kibao chochote cha nje, hata cha kinyozi. Karatasi ni tatu. Ya kuchora herufi nimepata alama zote, msimamizi akaniuliza rula nimeificha wapi. Ya rangi na usalama nimepita. Ya tatu ni Kiingereza: sentensi thelathini, kila moja ina pengo, na chini yake maneno mawili yanayofanana kama pacha. Uchague moja. Ukirusha sarafu hewani unapata kumi na tano. Mimi nimetumia akili, nimepata tisa.

Marudio ni tarehe 20 Mei, mara moja tu, na kupita ni ishirini. Nikianguka jina langu linafutwa kwenye orodha, na sina kazi nyingine ninayoijua.

Nikueleze kwa nini niko hivi. Mteja huniletea neno kwenye karatasi, mimi nalichora. Maana yake siulizi wala siulizwi. Na kwa kuwa natumia mkono wa kushoto, naanza na herufi ya mwisho narudi nyuma, mkono usije ukaburura rangi mbichi, kwa hiyo neno lenyewe silioni mpaka limekwisha. Mwaka jana nilichora "stationary" kwenye duka la madaftari. Mwenye duka akaja juu, eti nimemtangazia duka lililosimama. Nikamwambia mbona kweli limesimama, lingekuwa linatembea ningelichoraje?

Sasa wewe kazi yako ni kukaa kwenye kile kiwanda cha vitabu na kalamu nyekundu, kutafuta makosa ya watu kabla hayajachapwa. Nifundishe. Simu sitaki, kioo kimepasuka na maneno ya simu hayabandikiki ukutani. Andika, nitabandika juu ya meza ya kazi, niwe nasoma nikichanganya rangi.

Mama alisema cherehani yake inaweza kumsomesha mtoto mmoja tu, nikaacha shule mimi. Ukasoma kwa niaba yetu wawili. Sasa naomba nusu yangu.

Naanza na jozi kumi. Nimezipa namba ili usinichanganye: 1 stationary na stationery, 2 lose na loose, 3 desert na dessert, 4 principal na principle, 5 affect na effect, 6 economic na economical, 7 prescribe na proscribe, 8 human na humane, 9 eminent na imminent, 10 childish na childlike.

Wifi yako anakusalimia. Anasema ukishindwa kunifundisha, atanifundisha yeye kwa fimbo.

Kaka yako,
Mashoto


12 Februari

Kaka Mashoto,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Duka lililosimama! Hiyo nitazeeka nayo.

Usiyakariri haya maneno kama orodha ya wanafunzi. Kila jozi itafutie kishikio, kitu cha kushika usiteleze. Nakupa vyangu, visivyokufaa tupa.

"Stationary" ni kusimama tuli. Tazama neno letu, simama, linaishia na a. Basi lenye a ndilo lililosimama, na lenye e ni karatasi na kalamu. "Lose" ni kupoteza, nalo lenyewe limepoteza o moja. "Loose" ni kulegea, zile o mbili zimening'inia kama magoti ya suruali kuukuu. "Desert" ni jangwa, s moja kwa sababu huko kila kitu haba. "Dessert" ni kile kitamu cha baada ya chakula, s mbili kwa sababu watu huomba kuongezewa. "Principal" ni mkuu, lina a kama bwana mkubwa, na "principle" ni kanuni. "Affect" ni kuathiri, a na a, na "effect" ni matokeo yake.

"Economic" ni jambo la uchumi, la mawaziri na wanaovaa tai. "Economical" ni asiyepoteza kitu, kama mama alivyokuwa akiweka kila kipande cha uzi kwenye kopo. "Human" ni binadamu, "humane" ni mwenye utu. La pili lina e ya ziada, na watu wengi wameiacha nyumbani. "Eminent" ni mtu mashuhuri, "imminent" ni jambo lililo karibu kutokea, mvua iliyokwisha kutia giza. "Childish" ni utoto wa kukera na "childlike" ni utoto wa kupendeza. Wewe una yote mawili, inategemea siku.

Barua zako tuma kwenye sanduku la nyumbani, si ofisini. Ofisini zinapotea.

Utapita, kaka. Mtu anayeweza kuchora herufi bila rula hashindwi na maana zake.

Mdogo wako,
Nukta


20 Februari

Nukta,

Barua yako iko ukutani. Nimeibandika kati ya kalenda na picha ya mama, na ina alama ya kidole cha buluu pale kwenye suruali kuukuu.

Kishikio chako cha namba tano kimekatika. Umesema a ni ya kuathiri. Sawa, na athari nayo haianzi na a? Nimekaa na hilo kopo zima la rangi. Nimetengeneza changu: e ni ya "eeh!", anachosema mtu akishaona yaliyotokea. Hicho hakikatiki.

Sikujua kama ndani ya maneno kuna vitu namna hii. Miaka yote nilikuwa naona tumbo la b na mkia wa g. Juzi nimepita benki, nikaona wameandika "principle" mahali pa mkuu wa chuo, kwenye tangazo kubwa la chuo hicho hicho! Nikasimama kama mtu aliyeona ng'ombe juu ya paa. Nilitaka kumshika mtu mkono nimwonyeshe.

Lakini namba saba umeiruka. Nimehesabu mara mbili. Umenipa sita, ukaenda nane. Wifi yako anasema umesahau. Mimi namwambia Nukta hasahau, huyu ndiye aliyesahihisha barua ya mapenzi niliyomwandikia yeye mwenyewe kabla hatujaoana.

Najua ulichofanya. Ni kifungo cha mama. Unakumbuka alivyotufundisha kushona shati? Anashona vifungo vyote, kimoja anakiacha, wala hasemi neno. Ukilivaa hivyo hivyo, upepo unakueleza njiani. Basi umeniachia kifungo. Nitakishona.

Jozi nyingine hizi: compliment na complement, disinterested na uninterested, historic na historical, sensible na sensitive.

Mashoto


1 Machi

Kaka,

Nimekawia, kuna kazi nyingi. Naandika kwa haraka.

"Compliment" ni sifa unayompa mtu, na sifa ina i. "Complement" ni kitu kinachokamilisha kingine, kama shati na kifungo. "Disinterested" si asiyejali, ni asiye na upande. "Uninterested" ndiye asiyejali. Refa anatakiwa awe wa kwanza, na wewe darasani ulikuwa wa pili, mama alivyokuwa akisimulia. "Historic" ni tukio kubwa litakalokumbukwa. "Historical" ni chochote kinachohusu zamani, hata kikiwa kidogo. "Sensible" ni mwenye busara, "sensitive" ni anayeumia upesi.

"Eeh!" ni nzuri kuliko yangu. Nimeiiba.

Namba saba iache. Haitoki sana kwenye mitihani. Soma hizi nyingine kwanza.

Nukta


11 Machi

Nukta,

Eti haitoki sana! Mama naye alikuwa anasema "kifungo hicho si muhimu" huku anatuchungulia. Nimekishona.

Nilimwendea muuza dawa wa jirani, yule mama mwenye miwani ya kamba. Akaacha wateja akanieleza. "Prescribe" ndicho anachofanya daktari, anakuandikia, anasema tumia hiki. "Proscribe" ni kinyume chake kabisa, ni kupiga marufuku. Herufi moja tu katikati, na mtu ametoka kwenye tumia akaingia kwenye ole wako! Wifi yako ameniandikia kutembea nusu saa kila asubuhi, hiyo ya kwanza. Amepiga marufuku viatu vyenye rangi mbichi sebuleni, hiyo ya pili. Wote wawili tumeelewana.

Sasa fikiria mtu ayabadilishe. Daktari kaandika dawa, mgonjwa anasoma ni marufuku, anakaa nayo mezani anaitazama tu. Nimecheka mpaka nikapindua kopo la rangi nyeupe. Muuza dawa naye akasema ni mpumbavu gani anaweza kukosea hapo, wakati moja ni ndiyo na jingine ni hapana? Nimechora maneno yote mawili kwenye kipande cha ubao, moja kijani na moja jekundu, nimekitundika mlangoni. Wapita njia wanasimama kuuliza. Nimekuwa mwalimu.

Jambo jingine, na usinione mbea, macho yangu kazi yake ni kuangalia vitu vya juu juu. Barua yako ya mwisho umeandika nyuma ya karatasi ya kupokelea mizigo, imeandikwa idadi ya maboksi. Wino ni wa buluu, wewe ambaye hata kadi za harusi unaandika kwa mwekundu. Na pembeni kuna vumbi la kamba ya katani, ile ya kufungia vifurushi. Ofisini kwenu mmeanza kubeba mizigo?

Nipe maksi zangu za namba saba.

Mashoto


8 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki nne kimya. Nimetuma kadi mbili, nikasema labda posta. Wifi yako akasema labda nimekuudhi, nikasoma upya barua yangu kwa kumbukumbu, sikuona kosa.

Jana nikaazima simu ya muuza dawa, nikapiga ofisini kwenu. Akapokea mwanamke. Nikataja jina lako, nikasema namtaka wa kusahihisha vitabu. Akasema, "Yule wa stoo?" Nikamwambia hapana, wa kusahihisha. Akasema, "Ndiyo baba, huyo huyo, yuko stoo tangu mwezi wa kumi na moja. Nimwite?" Nikasema asikuite. Nikakata, nikarudisha simu, nikasahau hata kushukuru.

Mwezi wa kumi na moja. Kabla hata sijakuandikia.

Sijamwambia wifi yako. Niambie wewe. Nimekaa hapa chini ya barua zako nazitazama, na sina raha hata kidogo.

Kaka yako


15 Aprili

Kaka,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya boksi, kwa hiyo mwandiko utausamehe.

Kila mwaka kiwanda chetu huchapa mwongozo mdogo wa mitihani ya sekondari, wa Kiingereza. Ndani yake kuna orodha ya vitabu ambavyo wanafunzi wanatakiwa wasome. Juu ya orodha kuna kichwa cha habari, herufi kubwa. Kilitakiwa kiseme vitabu vilivyoteuliwa. Kilitoka kikisema vitabu vilivyopigwa marufuku. Ni namba saba yako, kaka. Nakala elfu tatu, zikasambazwa shule zote. Walimu wakuu wawili walikusanya vitabu vyote darasani wakavifungia kabatini, mmoja akaandika kutuuliza kama avichome. Watu walicheka kwenye redio. Wanafunzi walikaa wiki tatu bila vitabu mtihani ukiwa mlangoni, hao hawakucheka.

Ukurasa ule niliusoma mara nne. Sahihi yangu iko pale chini. Zamani tulikuwa wawili, mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kalamu. Mwenzangu alipostaafu hawakuleta mwingine, nikawa nasoma peke yangu. Kila mara nilipofika pale niliona neno nililojua linatakiwa liwepo. Sikuliona lililokuwepo. Mkuu wa kiwanda hakunifukuza, alisema nishuke stoo mpaka upepo upite. Sasa nafunga vifurushi vya vitabu ambavyo wengine wamevisahihisha.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilitaka kukuambia. Nikafika mstari ule wa nusu yako nikashindwa. Uliacha shule ili mimi nisome. Kila nikipata cheti nilikuwa nasema moyoni, hiki ni cha kaka. Sasa ningekuandikia nini? Kwamba ulichokiacha nimekwenda nacho nikakifanya kichekesho cha redioni? Nikairuka namba saba, nikatumaini hutahesabu. Wewe ukaiita kifungo cha mama. Ukaja na muuza dawa wako na "mpumbavu gani". Nililia, kaka, sikufichi. Halafu nikacheka pale kwenye viatu vya sebuleni, halafu nikalia tena.

Tafuta mwalimu mwingine, bado una wiki tano. Tangu mwezi ule silisomi neno nikaliamini. Hata hizi nilizokufundisha nilizitazama kwenye kamusi mara mbilimbili, na bado sina hakika. Sitaki uanguke kwa sababu yangu. Lingekuwa kosa la pili, na hilo nisingeweza kulibeba.

Nukta


24 Aprili

Nukta,

Nimekasirika. Nakuambia mapema ili usome ukijua.

Sikukasirikia neno. Nimekasirika kwamba umekaa miezi sita ndani ya stoo na mzigo mgongoni, na mzigo wenyewe ni mimi. Kwa hiyo lazima nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata wifi yako, na nilipanga kuzikwa nalo.

Mimi sikuacha shule kwa ajili yako.

Unamkumbuka mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza, yule mrefu? Wewe humjui, ulikuwa mdogo. Alinikataza kuandika kwa mkono huu. Alisema ni mkono mchafu. Kila nikishika kalamu nao alinichapa juu ya vidole kwa ukingo wa rula, na kwa mkono wa kulia sikuweza kuandika hata jina langu. Ndiyo maana rula siipendi mpaka leo. Muhula wa pili nilikuwa natoka nyumbani na sare, naenda kukaa kwa mzee mmoja aliyechora vibao vya maduka. Aliniachia brashi, akaona naishika kushoto, akasema basi anzia mwisho usichafue. Hilo tu. Nilikuwa nimekwisha kuacha shule wiki saba kabla mama hajatuita kutueleza habari ya cherehani na mtoto mmoja.

Akatuita, akasema mmoja lazima aache. Alikuwa analia. Nami nikaona mlango. Nikasimama nikasema, "Mama, nitaacha mimi, mdogo wangu asome." Mama akanikumbatia. Wewe ulinipa daftari lako lenye picha ya twiga. Nilijiona shujaa, na nikaupenda ushujaa ule, nikauvaa miaka thelathini na nane. Kila mtu akisema dada yake msomi, ni kwa sababu ya kaka, mimi nainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Na nilihitaji usikosee, mdogo wangu. Ukikosea, mimi ningekuwa mtoto aliyekimbia rula tu.

Basi hakuna nusu yangu kwako. Haikuwepo. Ulichosoma ni chako, na kosa ni lako, na ni kosa la neno moja.

Mimi nimekosea vibao kumi na vitatu kwa hesabu ninayoikumbuka. Ndiyo maana nina utaratibu. Kibao changu sikisomi mwenyewe kamwe. Nikimaliza, kabla sijaita mwenye mali, nasimama barabarani nangoja mtu wa kwanza kupita, asiyejua nimechora nini, namwomba asome kwa sauti. Akisita tu, nashuka na kitambaa. Hata kile kibao cha "stationary" nilimwita mpita njia, ila alikuwa na haraka na nikamwachia aende. Nilikosea hapo. Wewe walikuondolea mpita njia wako wakakuachia sahihi.

Na ukiwa huna mtu, soma kama mimi, anza na herufi ya mwisho urudi nyuma. Ukirudi nyuma maana haikushiki mkono. Unaona herufi iliyopo, basi.

Nina wiki nne. Mwalimu mwingine simtaki. Nitumie jozi ishirini, na zote nitampa muuza dawa asome kwa sauti kabla sijabandika. Hivyo mimi ni mpita njia wako, na yeye ni wangu.

Kama umenichukia, nitumie jozi kwanza, unichukie baada ya tarehe 20.

Mashoto


4 Mei

Kaka,

Nilisoma barua yako nikaenda kuzunguka nyumba mara tatu. Daftari la twiga! Nililia siku mbili kwa ajili ya lile daftari, nikijiambia si kitu, kaka ametoa zaidi. Na wewe ulikuwa umekaa kwa mzee wa vibao unapaka rangi.

Nimekukasirikia vibaya sana. Halafu nikafikiria vidole vyako na ukingo wa rula, na mtoto wa miaka kumi na minne anayetoka kila asubuhi na sare akienda pasipo shule, hana wa kumwambia. Hasira ikabaki bila pa kukaa. Ungeniambia, kaka. Nisingekupenda pungufu. Miaka yote nimekuwa nikikosa usingizi siku ya matokeo, si kwa ajili yangu.

Nimejaribu kusoma kwako kwa kinyume. Stoo kuna lebo mpya za maboksi, nikaanza na herufi ya mwisho. Kichwa kinauma kama mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume. Lakini lebo ya tatu nilikuta herufi imekosekana, na lebo hiyo imekwisha kupitishwa ofisini huko juu. Nikamwita mpakiaji nikamwomba asome kwa sauti. Akasita. Kaka, alisita pale pale! Nilimshika mkono kama ulivyotaka kumshika mtu pale benki.

Jozi ishirini hizi hapa, karatasi tatu. Ya kwanza kabisa nimeandika namba saba, kwa mkono wangu, na wino mwekundu. Nimeipitia mara tano. Mpe muuza dawa wako.

Nukta


2 Juni

Nukta,

Ishirini na mbili!

Namba saba haikutoka. Niliitafuta karatasi nzima, nikaigeuza hata nyuma. Muuza dawa amechukia kuliko mimi, anasema tumejisumbua bure. "Disinterested" ilitoka, nikamkumbuka refa nikapata. "Economical" nilipata kwa kopo la uzi la mama. "Compliment" nilikosa, nilijua jibu, mkono ukaandika jingine, na ukumbini hakuna mpita njia.

Msimamizi aliniona naandika, akasema, "Mzee, wewe mashoto?" Nikauficha mkono chini ya meza, mtu mzima na mvi zangu. Akasema mwanawe pia. Basi.

Wifi yako nimemwambia yote, na la shule pia. Akasema alijua zamani, mama alimwambia kabla ya kufa. Mama alijua, Nukta. Mwalimu yule mrefu alikuja nyumbani kumwuliza niko wapi. Alijua tayari siku ile alipotuita, akalia vile vile, akanikumbatia vile vile. Amenishonea kifungo changu bila kusema neno. Nimefanya kazi vibaya wiki hii yote.

Na wewe? Bado uko juu ya boksi?

Mashoto mwenye cheti


19 Juni

Kaka mwenye cheti,

Hongera. Nimesoma matokeo yako kwa sauti, stoo nzima wakapiga makofi. Habari ya mama nimeisoma peke yangu, nyumbani.

Nilipanda juu kwa mkuu. Mwongozo ule unachapwa upya. Nikamwambia nipe mimi niusahihishe, kwa sharti moja, nisiusome peke yangu. Akasema, "Msomaji wa pili hatuna." Nikamwambia mimi ninaye. Akauliza ana elimu gani. Nikasema ana cheti cha manispaa na miaka thelathini na nane ya kazi ya herufi. Akanitazama sana, akasema tujaribu ukurasa huu wa orodha tu, halafu ataona.

Nimeusoma kwenda mbele, nimeusoma kurudi nyuma. Sijaweka sahihi. Ukurasa uko ndani ya bahasha hii, umekunjwa mara mbili, na karibu nao kalamu yangu. Huhitaji kujua maana. Anzia mwisho.

Nukta


27 Juni

Nukta,

Nimeosha mikono kwanza. Wifi yako ni shahidi.

Nimeanza na herufi ya mwisho ya mstari wa mwisho, nikapanda. Imenichukua asubuhi yote, mteja wa kibao cha saluni amekuja akaondoka. Nilipofika kwenye kile kichwa cha habari nilisimama kidogo, nikapumua, nikakipita herufi moja moja. Kisha nikaupeleka ukurasa kwa muuza dawa, nikamsimamisha ng'ambo ya barabara, akasoma kichwa kwa sauti mpaka watu wakageuka. Hakusita. Pale pako sawa, mdogo wangu. Weka sahihi pale bila hofu.

Lakini mstari wa tisa kutoka chini, neno la pili, kuna herufi imeandikwa mara mbili mahali pa moja. Sijui neno hilo maana yake nini, na muuza dawa naye hajui. Tumefungua kamusi yake, kweli inatakiwa moja.

Nimelizungushia duara kwa kalamu yako nyekundu, na pembeni nimeandika jina langu lote, kwa mkono wa kushoto.

Kaka yako